Namna ya kuifuatilia laini ndefu ya umeme kwa setelaiti: mwongozo kutoka Tabora

Usiku mmoja wa Desemba, laini ya kilovolti 33 ninayoihudumia ilitripu saa mbili kasoro robo, mvua ikimwagika. Kituoni tuliona jambo moja tu: breka imekata. Wapi pana tatizo, hakuna aliyejua. Tukajigawa makundi mawili, moja likaanzia mwanzo wa laini, jingine likapita barabarani kwenda kuanzia mwisho. Tulimulika nguzo baada ya nguzo kwa tochi, buti zimenasa tope la mbuga, mpaka kukapambazuka. Tawi la mninga lilikuwa limelalia nyaya kwenye mchepuko, laini ndogo inayojitenga na ile kuu kuingia kijijini, mahali ambapo kundi la pili lilipapita usiku ule ule bila kuteremka garini. Kuliondoa tawi kulichukua dakika 20. Kulitafuta kulitugharimu saa kumi na moja nzima, na muda wote huo friji ya chanjo ya zahanati haikuwa na umeme.

Mwongozo huu ni wa kuzipunguza zile saa kumi na moja. Nimemwandikia fundi au mhandisi mwenye laini ndefu inayopita katikati ya misitu ya miombo, iwe upande wa Sikonge, Urambo na Kaliua au kule Uvinza na Kasulu. Wenzetu wa Kigoma wanalijua hili kwa namna yao: kwa miaka mingi walitegemea jenereta za dizeli, mpaka gridi ya taifa ilipoanza kuufikia mkoa mwaka 2022. Jenereta ikizimika unajua mlango wa kugonga. Umeme wa gridi ukizimika, kosa linaweza kuwa kwenye nguzo yoyote kati ya maelfu.

Neno moja ulishike tangu sasa, maana yote yafuatayo yanasimama juu yake: setelaiti hailindi laini. Kinacholinda laini ni relei, kifaa kinachohisi hitilafu na kuamuru swichi ikate, na ricloza, swichi inayokata kwenye hitilafu kisha ikajirudisha yenyewe, zote zikiwa pale pale nguzoni. Setelaiti inakuambia kilichotokea na mahali kilipotokea, kisha inabeba amri yako mpaka huko bila wewe kuwasha gari.

Hatua ya 1: Anza na daftari la hitilafu

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya dishi. Anza na daftari. Chukua kumbukumbu za misimu miwili mitatu ya mvua, tandaza ramani ya laini mezani, na kila hitilafu uitie alama mahali ilipokutwa. Utaona alama zinajikusanya zenyewe: kwenye michepuko mirefu ya vijijini, kwenye mabonde ya mbuga ambako nguzo huinama, na kwenye vipande vya msitu ambako moto wa kiangazi hula vitako vya nguzo za mbao.

Kisha kwa kila mchepuko jiulize gari linafika baada ya muda gani mvua ikiwa imenyesha. Mchepuko wa wateja 200 uliozama msituni unaweza kustahili kifaa kuliko wa wateja 600 ulio kando ya lami. Mimi huanza na nguzo tatu au nne tu: ricloza moja kwenye theluthi ya kwanza ya laini, nyingine palipo na mgawanyiko mkubwa, na viashirio vya hitilafu kwenye michepuko miwili iliyo sugu. Ukifunga vifaa kumi kwa mpigo kabla hujajifunza kuvitunza vinne, baada ya masika mawili utakuwa na maboksi kumi yaliyokufa.

Taarifa za kudai kutoka kila nguzo ni chache. Swichi imekata au inapitisha, mkondo wa kila fezi, volteji, kama mkondo wa hitilafu umepita hapo, hali ya betri, na kama mlango wa boksi umefunguliwa. Amri ni tatu: kata, washa, na zuia ricloza isijirudishe.

Hapo kwenye amri nina ombi zito. Usiandike "fungua" na "funga" kwenye skrini wala usizitamke redioni. Kwenye bomba la maji, kufungua ni kuruhusu maji yapite. Kwenye swichi ya umeme, kufungua ni kukata. Nimewahi kusikia mtu anasema "fungua huko" akimaanisha arudishe umeme, na aliyeko nguzoni akaelewa vingine. Hakuna aliyeumia siku hiyo. Andika "KATA" na "WASHA", kila mtu aelewe kitu kimoja.

Hatua ya 2: Pima mtandao wa simu umeme ukiwa umekatika

Palipo na mtandao wa simu, modemu ya laini ya simu ni nafuu kuliko setelaiti, na sina sababu ya kukukataza. Ila usiupime mchana wa jua kali, umeme upo, ukaridhika. Mnara wa simu ulioko kijijini mara nyingi unakula umeme wa laini ile ile unayotaka kuiangalia. Laini ikifa, mnara unakaa kwenye betri saa kadhaa halafu unazimika, na wewe unapoteza macho saa ile ile unayoyahitaji. Subiri katizo refu, nenda kwenye nguzo ukiwa na simu yenye laini za mitandao miwili, upime baada ya saa tano au sita. Kama mmoja bado upo, utumie kama njia ya kwanza na setelaiti iwe ya akiba. Kama yote imepotea, au haikuwapo tangu mwanzo, setelaiti ndiyo njia yako.

Hatua ya 3: Chagua aina ya setelaiti

Kuna za mbali na kuna za karibu.

Za mbali zinakaa kilometa 35,786 juu ya ikweta na zinazunguka sawasawa na dunia, hivyo dishi hulielekeza mara moja tu. Ubaya wake ni umbali: swali lako likienda nguzoni na jibu likarudi, nusu sekunde imepita njiani tu, na ukijumlisha kazi ya modemu utapata sekunde 0.6 au 0.7. Nyingi zinazotumia dishi dogo ziko kwenye masafa ya Ku, gigahezi 12 hadi 14, na hayo hudhoofishwa na mvua nzito. Masafa ya C huvumilia mvua vizuri zaidi, ila yanataka dishi kubwa. Masafa ya L, karibu na gigahezi 1.6, mvua haiyasumbui kiasi cha kukutia hofu, na antena yake inatosha kwenye kiganja. Ubaya ni kwamba yanabeba data kidogo kwa bei kubwa.

Za karibu ni kama Iridium, setelaiti 66 zilizo kilometa 780 juu, au Starlink, ambazo nyingi ziko kilometa 480 hadi 550 hivi. Iridium ina huduma ya ujumbe mfupi wa mashine ambayo modemu yake ndogo inatuma hadi baiti 340 kwa ujumbe mmoja. Baiti 340 zinaonekana kama si kitu, lakini hali ya ricloza nzima, mikondo mitatu, volteji na betri, inaingia humo na nafasi inabaki. Starlink ina data tele na haraka, lakini kifaa chake kinakula umeme mwingi na kinataka anga pana iliyo wazi, na msituni anga pana si rahisi kuipata.

Uamuzi wangu baada ya kuhangaika: kwenye kituo cha kupoza umeme, penye umeme wa uhakika na vipimo vingi, weka dishi la Ku au C. Kwenye nguzo iliyo peke yake msituni, weka ujumbe mfupi wa masafa ya L, kama ule wa Iridium, ambayo nayo hutumia masafa hayo. Usishawishiwe na kasi. Nguzo haiangalii video.

Kabla ya kununua chochote, pitia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, uhakikishe mtoa huduma ana leseni na kifaa kimeidhinishwa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya umeme wa kifaa chenyewe

Ricloza nyingi huchaji betri yake kwa transfoma ndogo iliyofungwa kwenye laini ile ile. Nzuri, lakini siku unayomhitaji shahidi wako ndiyo siku laini imekufa. Kwa hiyo hesabu kana kwamba transfoma hiyo haipo.

Mfano wa kwanza: modemu ya dishi inakula wati 40, boksi la kudhibiti ricloza wati 10. Jumla wati 50 kwa saa 24 ni wati-saa 1,200 kwa siku. Unataka siku mbili bila jua, basi ni 2,400. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea-saa 200, na kwa kuwa betri ya asidi hutaki ishuke chini ya nusu, unahitaji ampea-saa 400. Paneli, ukihesabu saa nne za jua zuri siku ya mawingu na asilimia 30 ya kupotea njiani, zinafika wati 430.

Mfano wa pili: modemu ya ujumbe mfupi yenye wastani wa wati 1, na boksi lile lile la wati 10. Kwa siku ni wati-saa 264. Hesabu ile ile inakupeleka kwenye betri moja ya ampea-saa 100 na paneli ya wati 100.

Betri nne kubwa na paneli zilizotandazwa msituni zinaonekana kutoka mbali, na si na fundi peke yake. Betri moja iliyofungiwa ndani ya boksi, juu ya nguzo, yenye taarifa ya mlango kufunguliwa, ina nafasi ya kukaa.

Hatua ya 5: Funga kwa kuijua nchi yenyewe

Sisi tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Setelaiti ya mbali iliyokaa kwenye longitudo yetu inakuwa karibu utosini, nyuzi 84 kutoka upeo wa macho. Faida ni kwamba mwembe wa jirani haukuzibii, nasi miembe tunayo, tangu enzi za misafara ya Ujiji. Hasara ni kwamba dishi linatazama juu kama sufuria. Majani, mavi ya ndege na maji vinakaa humo. Dishi la mviringo lenye mkono katikati litobolewe tundu dogo sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke, na lisafishwe kabla ya mvua za kwanza.

Utosini kuna jambo jingine. Siku chache karibu na 21 Machi na 23 Septemba, jua hupita nyuma ya setelaiti na kuifunika kwa kelele. Kwa setelaiti ya longitudo yetu hutokea kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, dakika chache kwa siku. Liweke kwenye kalenda ya chumba cha udhibiti, la sivyo kila Machi utampeleka mtu Kaliua kubadilisha modemu nzima isiyo na kosa.

Dishi lisiwe kwenye nguzo ya kilovolti 33. Lisimike kwenye bomba lake, mbali kiasi kwamba fundi akinyoosha mkono wenye spana bado yuko nje ya umbali wa hatari. Antena ndogo ya masafa ya L inaweza kukaa juu ya boksi la udhibiti, chini kabisa ya nyaya, mradi iione anga.

Radi ndiyo adui mkubwa wa vifaa hivi magharibi mwa nchi. Ethi (waya unaozama ardhini) ya dishi, ya boksi na ya ricloza viunganishwe viwe kitu kimoja. Ethi mbili zisizoshikana ni mwaliko kwa radi ipite ndani ya modemu ikitafuta njia kati yake. Weka kinga ya radi kwenye kebo ya antena na kwenye waya wa umeme, na lenga ukinzani wa ethi chini ya omu 10. Upime mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba, udongo wa kichanga ukiwa umekauka. Kipimo cha Februari kitakudanganya.

Halafu nyuki. Tabora ni nchi ya asali, na nyuki wetu hawabagui kati ya mzinga wa gome na boksi la chuma lililoning'inia juu ya nguzo. Kifaa kimoja kilinyamaza siku tisa. Nilipopanda na kufungua mlango, nilikuta masega matatu nyuma ya betri, meupe, mapya kabisa, asali imechuruzika mpaka kwenye kadi ya modemu. Walikuwa wamepitia tundu la kebo ambalo mimi mwenyewe niliacha bila kuliziba. Ziba kila tundu la kebo, na matundu ya hewa yafunikwe kwa wavu wa waya ambao nyuki hapiti. Wakishaingia, usimwage mafuta ya taa wala dawa ya kuua. Mwite mfugaji nyuki wa kijiji, aje jioni na moshi wake baada ya laini kuzimwa na kuwekwa ethi; atawahamisha, na asali ni yake.

Hatua ya 6: Fundisha kifaa kunyamaza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukiacha kompyuta ya kituo iiulize nguzo kila sekunde 10 "uko salama?", hayo ni maswali 8,640 kwa siku. Kila swali na jibu lake likiwa baiti 200, mwezi unakwisha kwa megabaiti 52, kwa nguzo moja ambayo haikuwa na habari yoyote. Badili utaratibu: nguzo iseme yenyewe pale kitu kinapobadilika, na kila dakika 15 itoe salamu moja ya kuonyesha ipo. Salamu 96 kwa siku ni kama megabaiti 0.6 kwa mwezi. Itifaki ya DNP3, yaani lugha ambayo vifaa vya nguzoni hutumia kuzungumza na kituo, inaruhusu hili waziwazi. Ukitumia itifaki nyingine, IEC 60870-5-104, angalia kipindi kinachoitwa t3, ambacho kwa kawaida ni sekunde 20. Maana yake njia ikikaa kimya sekunde 20, pande zote mbili huanza kujaribiana. Kiongeze, na ukiongeze kwa pande zote mbili.

Mkondo usiripotiwe kwa kila ampea moja. Weka kiwango, mathalani asilimia 5 ya mkondo wa kawaida, chini ya hapo kifaa kikae kimya. Kukatika kwa swichi, kupita kwa hitilafu na kufunguliwa kwa mlango visisubiri. Vitumwe papo hapo.

Muda wa kusubiri jibu, ambao kiwandani umewekwa kwa ajili ya waya, uongeze. Kwa setelaiti ya mbali mimi huweka sekunde 10, na marudio mawili tu. Kwa amri, tumia utaratibu wa kuchagua kwanza kisha kutekeleza: kompyuta inaichagua swichi, nguzo inajibu "nimekuelewa, ni hii", ndipo amri inakwenda. Muda wa nguzo kushikilia chaguo hilo nao uwe sekunde 10. Ukiwa sekunde 2, mvua ikichelewesha jibu, amri itakataliwa na mwendeshaji atabonyeza tena na tena kwa hasira.

Saa ya matukio ipigwe nguzoni, kwa GPS, si kituoni taarifa inapofika. Na mkubaliane saa gani mnaandika. Tukio la saa nane mchana ni 14:00 kwenye kompyuta yetu na 11:00 kwenye seva inayotumia saa ya dunia, na mwenye zamu ataandika "saa 8" daftarini. Nimeona mkutano mzima ukibishana kama ni hitilafu moja au tatu.

Mwisho wa hatua hii ni ulinzi. Badili nywila ya kiwandani, mawasiliano yapite kwenye njia iliyofungwa kwa usimbaji, na nguzo isionekane kabisa kwenye intaneti ya wazi. Desemba 2015 wavamizi waliingia kwenye kompyuta za makampuni ya usambazaji umeme nchini Ukraine na kukata swichi kwa mbali. Wateja wapatao 225,000 walibaki gizani.

Hatua ya 7: Ijaribu kwa kuikata

Siku ya makabidhiano usianze kwa kuonyesha inavyofanya kazi. Anza kwa kuchomoa modemu. Ingiza mkondo wa majaribio kwenye relei, na ricloza ikate, isubiri, ijirudishe, na mwishowe ibaki imekata kama ilivyopangwa, bila msaada wa mtu yeyote kituoni. Hitilafu inatakiwa kukatwa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Amri ya setelaiti ya mbali ingekuwa bado haijafika. Februari 24, 2022, shambulio la kimtandao liliharibu modemu za mtandao wa setelaiti wa KA-SAT barani Ulaya, na mitambo ya upepo kama 5,800 ya kampuni ya Enercon ya Ujerumani, iliyoko Ulaya ya Kati, ikapoteza usimamizi wa mbali. Mitambo iliendelea kuzalisha umeme, kwa sababu akili yake ilikuwa humo humo ndani yake. Ricloza yako iweze hivyo hivyo.

Modemu ikiwa bado imechomolewa, tazama skrini ya kituo. Je, bado inaonyesha "INAPITISHA" kwa rangi ya kijani, kana kwamba hakuna kitu? Hilo ni kosa la hatari. Taarifa iliyopitiliza muda wa salamu mbili lazima ibadilike rangi na kuonyesha saa ilipopatikana mara ya mwisho.

Kisha zima umeme wa kuchaji, funika paneli, acha siku moja nzima, halafu toa amri ya KATA na WASHA kutoka kituoni. Betri iliyochoka huweza kutuma ujumbe mzuri kabisa lakini ikashindwa kuisukuma swichi. Rudia jaribio hili kila mwaka kabla ya mvua.

Hatua ya 8: Kabla ya mtu kupanda nguzo

Sasa unajua hitilafu ipo mchepuko gani, umeukata ukiwa kitini, na wateja wengine wamerudi kwenye umeme. Gari linakwenda moja kwa moja mahali penyewe. Hapa ndipo mazoea yanapoua, kwa sababu skrini imesema "IMEKATA" na kila mtu anaiamini.

Swichi iliyokatwa kwa mbali si laini salama. Fundi akifika, ageuze kitufe cha boksi kutoka "mbali" kwenda "hapa", aweke kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwake yeye anayepanda. Aliyeko kituoni atie alama ya kuzuia amri kwenye skrini, yenye jina la fundi huyo. Kisha ikatwe swichi ya mikono ambayo pengo lake linaonekana kwa macho. Baada ya hapo pima kwa kipimo cha volteji, kipimo chenyewe kikiwa kimejaribiwa kabla na baada. Kuna wenye jenereta na inveta huko vijijini, na umeme unaweza kurudi kupitia transfoma kutoka upande usioutarajia. Weka ethi pande zote mbili za mahali pa kazi. Fundi apige simu ya setelaiti au redio kituoni, ataje namba ya nguzo, kituo kiirudie namba hiyo neno kwa neno, ndipo ngazi iwekwe.